Acheni Kulisha Hewa Mimea Iliyo Gizani

Najua nimewatupa mkono kwa zaidi ya miezi miwili, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nyumbani, Chundwa, kisiwani Pate, ambako mtandao ukipatikana leo unashukuru na usipopatikana kesho unalala mapema. Nimerudi na jambo linanikereketa kooni. Leo sizungumzii simu mpya wala programu mpya. Leo nimekuja kugombana.

Ninagombana na wazo moja: kwamba ukiotesha mboga chumbani chini ya taa za tyubu, njia ya kuongeza mavuno ni kuongeza hewa ya ukaa. Yaani kabonidioksidi, ile hewa tunayoitoa puani na mmea ukaila. Wazo hili limeenea kwa video na kwa vijitabu vya bure, na limefika hadi kwetu, mahali ambapo nyanya husafiri kwa boti na kufika zimechoka kuliko abiria. Nasema ni wazo bovu kwa watu wa hali yetu. Linakula pesa, na nusura lile mtoto. Nami nilishiriki, kwa hiyo msidhani nimekaa juu ya mnazi nikiwatupia watu makumbi.

Haya, nianze na kisa.

Binamu yangu na wenzake saba wana chama. Walipata chumba kitupu, futi kumi kwa kumi hivi, kuta za mawe, paa la makuti. Walikuwa na paneli tatu za sola zilizobaki baada ya kibanda cha kuchajia simu kufungwa, na tyubu nne za wati 36 ambazo mtu fulani alikuwa akizitoa dukani kwake apate kuweka taa za ledi. Wakaunda rafu, wakafunga tyubu juu, wakapanda mchicha na sukuma wiki. Kwa nini ndani? Kwa sababu nje kuna punda, kuna mbuzi, kuna jua la kiangazi na upepo wa chumvi wakati wa kaskazi. Sababu hizo ni za kweli, sizibezi.

Mboga zikaota. Zilikuwa ndefu, nyembamba, rangi ya kijani iliyofifia kama shati lililofuliwa mara nyingi. Mmoja wao akasoma mahali kwamba mmea ukidumaa ndani ya nyumba ni kwa kukosa hewa ya ukaa. Dawa: chupa ya lita mbili, maji ya uvuguvugu, sukari, hamira, mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye rafu. Hamira inakula sukari, inatoa hewa ya ukaa, mmea unashiba. Wakaweka chupa sita. Bibi yangu alipita mlangoni, akanusa, akauliza ni nani anayegema tembo mle ndani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hamira ikila sukari bila hewa hutoa vitu viwili, hewa ya ukaa na pombe, karibu sawa kwa sawa kwa uzito. Walikuwa wanapika pombe bila kujua.

Mimi nilipofika likizo nikaitwa. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta, tufanyie mtambo." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa. Nikatoa kibodi kidogo cha Arduino nilichokuwa nacho begini, sensa ya hewa ya ukaa, na kioo cha kuonyesha namba. Nikaandika programu usiku mmoja. Namba ikiwa chini ya 800, taa nyekundu: ongeza. Ikiwa kati ya 800 na 1,500, taa ya kijani: sawa. Ikizidi hapo, nyekundu tena na kengele. Namba hizo ni sehemu kwa milioni. Hewa ya kawaida ya nje siku hizi ni kama 420, na wakulima wa vibanda vya vioo hupandisha hadi 800 au 1,000.

Chupa sita hazikuipandisha namba hata kidogo. Ilikaa 430, 440, ikipanda tu mtu akiingia chumbani. Hapo ndipo nilipaswa kukaa chini na kupiga hesabu. Sikukaa. Nikarudi kwenye programu yangu kuifanya grafu iwe nzuri zaidi.

Binamu akaona chupa ni mchezo wa watoto. Akaziba madirisha kwa nailoni, akatandaza nailoni chini ya makuti, akaingiza jiko la makaa. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya ukaa, si ndiyo? Namba ikapanda: 900, 1,200, 1,400. Taa ya kijani. Shangwe. Mtoto wake wa kiume, wa darasa la sita, akaona chumba kina mwanga mzuri, akaingia na madaftari yake kufanya kazi ya shule. Baada ya saa mbili na nusu mama yake akamwita hakuitika. Alikuwa ameinamia daftari, kichwa kinamgonga, macho yanaona mawili mawili. Alipotolewa nje alitapika, akalala kivulini mpaka jioni. Alipona, alhamdulillahi. Binamu aliniambia neno moja ambalo halijanitoka: "Lakini kaka, mashine ilisema kijani."

Mashine ilisema kijani kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia iseme kijani. Sensa yangu huona hewa ya ukaa tu. Makaa kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa pia monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kung'ang'ania hapo. Sensa yangu haiioni kabisa. Kila msimu wa baridi bara tunasoma magazetini familia iliyolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa na haikuamka. Nilijua hayo. Ila nilipoandika programu nilikuwa nawaza mboga, sikuwaza mtu.

Basi baada ya siku ile nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nilipiga hesabu. Nawawekea hapa yote, mwenye kupinga apinge namba.

Kwanza mwanga. Nilipima kwa kipimo kidogo cha bei rahisi. Chini ya tyubu nne, usawa wa majani, kilisoma laksi 4,500. Nje saa sita mchana jua la Pate linakaribia laksi 100,000. Nikakipeleka kipimo kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba hiyohiyo, pale ambapo wazee huketi kwenye mkeka: kilisoma laksi 12,000. Soma tena. Kivuli cha ukuta kilikuwa na mwanga mara mbili na zaidi ya ile rafu tuliyoiita shamba la kisasa. Jicho la mtu linadanganya, kwa sababu mboni hufunguka na kujifunga. Unaingia chumbani unaona kumeng'aa. Mmea hauna mboni. Unahesabu fotoni, basi.

Pili, mmea unaweza kula kiasi gani kwa mwanga huo? Tyubu zikiwaka saa 12, kila mita moja ya mraba ya rafu ile hupata kama moli 2.6 za fotoni zinazofaa. Kwa jua la nje kwetu ni kama moli 40 kwa siku. Saladi, ambayo si mmea mlafi, inataka 12 hadi 17 ili iwe saladi ya kuuza. Sasa, ili mmea ukamate molekuli moja ya hewa ya ukaa, unahitaji kwa uchache fotoni nane, hata mambo yote yakiwa kamili kama mbinguni. Rafu ina mita mbili za mraba. Piga, utapata kwamba mimea yote mle ndani, kwa kikomo cha juu kabisa cha kinadharia, haiwezi kula zaidi ya gramu 30 za hewa ya ukaa kwa siku. Kwa hali halisi ni kama gramu 11 au 12.

Tatu, kuna hewa kiasi gani mezani? Chumba kina ujazo wa mita 24 hivi. Hewa ya kawaida ya ujazo huo ina kama gramu 18 za hewa ya ukaa. Lakini chumba cha paa la makuti hakifungi. Nilijaza hewa kwa pumzi za watu, nikatoka, nikaangalia sensa inavyoshuka: hewa yote hubadilika kama mara tano kwa saa. Kwa saa 12 inapita zaidi ya kilo moja ya hewa ya ukaa mbele ya mimea hiyo, bure, bila chupa. Mimea ina uwezo wa kula gramu 12. Imeandaliwa kilo nzima. Halafu sisi tunasema ina njaa ya hewa!

Nne, chupa. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa nusu kilo ya hewa ya ukaa. Chupa yenye gramu 200 za sukari hutoa gramu 100 kwa wiki mbili, yaani gramu 7 kwa siku. Binadamu mzima hutoa karibu kilo moja kwa siku. Ukiingia ukakaa robo saa ukisoma gazeti, umetoa kama chupa moja inavyotoa mchana na usiku. Na ukitaka kweli kuongeza sehemu 600 kwa milioni katika chumba kile kinachovuja, unahitaji gramu 26 kukijaza mara moja, na hewa inabadilika mara tano kwa saa, kwa saa 12: karibu kilo moja na nusu ya hewa ya ukaa. Hiyo ni kilo tatu za sukari kila siku. Mama zetu wangetupiga kwa mwiko, na wangekuwa na haki.

Na faida yake? Hapa niwe mkweli, maana kuna mtu atanirukia. Ni kweli kwamba hata katika mwanga hafifu hewa ya ukaa ikiongezeka mmea hupata kitu. Kile kimeng'enya kinachokamata hewa, Rubisco, kina tabia ya kukosea: mara nyingine hukamata oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea hupoteza nguvu kurekebisha kosa. Joto likipanda makosa huzidi. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi makosa hupungua. Tuseme, kwa ukarimu, faida ni theluthi. Theluthi ya gramu 11 ni chini ya gramu 4 za hewa ya ukaa kwa siku, ambazo hugeuka kuwa gramu mbili na ushei za mada kavu, au kama gramu 25 za majani mabichi. Kilo tatu za sukari kwa gramu 25 za mboga. Fungu hilo halimtoshi mtu mmoja mwenye ugali mdogo.

Na hayo ni kwa sukuma wiki. Kwa mchicha mambo ni mabaya zaidi. Mchicha uko katika kundi moja na mahindi, mtama na muwa: mimea ambayo tayari ina pampu yake ya ndani ya kukusanya hewa ya ukaa na kuirundika penye Rubisco. Wataalamu huliita kundi la C4. Kuupulizia mchicha hewa ya ukaa ni kumpelekea mvuvi wa Kizingitini zawadi ya samaki. Atakushukuru kwa adabu, lakini hakuwa na haja.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, F. F. Blackman, aliandika kuhusu usanisinuru na akaeleza kanuni ya kikwazo: kazi inayotegemea vitu kadhaa huenda kwa mwendo wa kile kilicho haba kuliko vyote. Kabla yake Wajerumani Sprengel na Liebig walishasema hivyo kuhusu mbolea katika karne ya 19. Sisi watu wa kompyuta tuna ya kwetu: mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kwamba ukiongeza kasi ya sehemu moja ya programu, faida yako inafungwa na sehemu usiyoigusa. Kila mwanafunzi wa kompyuta ameifanyia mtihani. Mimi niliifaulu. Halafu nikaenda Chundwa nikaifanyia kinyume.

Lakini hamhitaji Amdahl. Aliyewahi kusafiri kutoka Lamu kwenda Pate anaijua kanuni hii. Ukifika Mkanda maji yametoka, mnasubiri. Nahodha anaweza kuongeza mashine ya pili, ya tatu, ya farasi 40 kila moja. Maji yasipojaa hamwendi. Mwanga ndio maji ya Mkanda. Hewa ya ukaa ni ile mashine ya pili.

Sasa mtaniuliza, wazo hili lilitoka wapi, mbona watu wenye akili wanalifanya? Lilitoka mahali pa haki, likapelekwa mahali pa batili. Ile chupa ya hamira ni ya wafugaji wa samaki wa mapambo. Ndani ya tangi la kioo lenye maji, hewa ya ukaa hupenya polepole sana, kama mara elfu kumi polepole kuliko hewani, na mimea iliyozama hukosa hewa kweli. Chupa moja kwa lita 60 za maji ni kipimo cha maana. Chupa hiyohiyo kwa mita 24 za hewa inayovuja ni dua bila ya imani.

Vibanda vya vioo navyo vina haki yao. Uholanzi, tangu 2005, kuna bomba linalochukua hewa ya ukaa ya viwanda vya Rotterdam hadi kwenye mashamba ya vioo. Hapa kwetu Kenya, Naivasha, shamba la maua la Oserian lilichukua mvuke wa jotoardhi kupasha moto mabanda ya mawaridi, na hewa ya ukaa iliyotoka na mvuke huo ikalishwa maua. Angalieni walichokuwa nacho: jua la ikweta, nyumba inayofungwa, hewa inayotoka ardhini karibu na shamba, na ua linalouzwa Ulaya. Ukiwa na hivyo vinne, karibu, ongeza hewa. Sisi tulikuwa na tyubu nne na makuti.

Hata chini ya tyubu pana mahali pa haki. Maabara za miche ya migomba, kama zile zilizoanzia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, huotesha vimche ndani ya vichupa vilivyofungwa kwenye rafu zenye tyubu. Kichupa kilichofungwa huishiwa na hewa ya ukaa haraka, ndiyo maana vimche hulishwa sukari. Huko Japani Profesa Toyoki Kozai wa Chuo Kikuu cha Chiba alionyesha kwamba ukivipa hewa ya ukaa na mwanga wa kutosha vinaweza kuishi bila sukari. Hiyo ni kazi halali. Inafanya kazi kwa sababu kichupa kimefungwa na kidogo, na kuna mtu wa maabara anayejua anachokipima.

Kuna suala la hatari pia, na hapa sitaki utani. Msidhani hewa ya ukaa ikiwa safi ndiyo salama. Kipimo cha mahali pa kazi ni sehemu 5,000 kwa milioni kwa saa nane. Ikifika 40,000 inahesabiwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Ndugu zetu wa Goma wana neno lake, mazuku, upepo mwovu: hewa ya ukaa inayotoka ardhini penye volkano na kukaa kwenye mabonde madogo kando ya Ziwa Kivu, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Imeua watu na mifugo. Kule Kameruni mwaka 1986 Ziwa Nyos lilitoa wingu la hewa hiyo usiku, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Sisemi mtungi mmoja ni Ziwa Nyos. Nasema mtungi unaovuja usiku kwenye chumba kidogo kilichofungwa, na mtoto analala chini kwenye mkeka, ni jambo la kufikiria kabla ya kulinunua.

Na walikuwa wanataka kulinunua! Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Baada ya kisa cha jiko, chama hakikukata tamaa, kilipanda daraja. Kuna shilingi 45,000 kwenye kisanduku, jasho la mwaka mzima la watu wanane, baadhi yao akina mama wanaosuka makuti. Mpango: mtungi wa hewa ya ukaa kutoka Mombasa, valvu, kipimo cha mgandamizo, na "programu ya kaka" ifungue na kufunga. Mtungi upande basi hadi Mokowe, uvushwe, ukiisha urudi njia ileile ukajazwe. Waliniomba niandike tu upande wa valvu. Kazi ya siku mbili, na ningelipwa.

Nilikataa, na wengine wameninunia. Mmoja ameniambia, "Nyinyi mkishasoma hamtaki wenzenu wapate." Imeniuma, sitaficha. Lakini nitawajibu hapa hoja zao zote, maana najua kuna vyama kama hivyo Witu, Kipini, Pemba na kwingineko.

Hoja ya kwanza: "Mwanga wetu ni wa bure, ni sola." Si bure. Chukua mwanga wa jua sehemu 100. Paneli inageuza kama 20 kuwa umeme. Betri na inveta zinakula sehemu ya tano, zinabaki 16. Tyubu inageuza kama robo ya hizo kuwa mwanga: nne. Mmepanda juu ya paa kukusanya jua 100, mkashuka nalo ndani likiwa nne, mkaliwasha kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, saa zilezile ambazo lile 100 liko nje linangoja. Ni kama kuchota maji ya jabia kwa kikapu ukayapeleke penye mvua.

Hoja ya pili: "Nje kuna punda, chumvi na jua kali." Kweli kabisa. Basi tatueni punda, chumvi na jua kali. Neti ya kivuli ya nusu kwa nusu inawaachia laksi 50,000 saa sita, zaidi ya mara kumi ya tyubu. Uzio wa waya au wa miti unamzuia punda. Ukuta wa mabua au safu ya mimea migumu upande wa kaskazi unavunja upepo. Na maji, jamani, maji! Sote tunajua visima vyetu vingine vina chumvi na jabia zinakauka. Tangi na mipira ya matone ingewapa mboga nyingi kuliko mtungi wowote. Shilingi 45,000 inaanza kazi hiyo. Haimalizi, lakini inaanza.

Hoja ya tatu: "Basi tubaki ndani, tuongeze taa." Hapo tunaweza kuzungumza. Katika mwanga hafifu namna ile, ukiongeza mwanga maradufu, ukuaji unakwenda karibu maradufu. Lakini msinunue tyubu nyingine. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa zebaki walikubaliana Geneva mwaka 2023 kuacha kutengeneza na kuuza nje tyubu hizi kufikia 2027, ndiyo maana maduka yanazitoa kwa bei ya kutupa. Kila moja ina zebaki kidogo ndani, na ikivunjika juu ya rafu ya mboga, hiyo mboga mle wenyewe. Taa za ledi zinatoa mwanga zaidi kwa wati hiyohiyo. Tumieni chumba kwa miche tu, siku 20 za mwanzo, halafu miche itoke nje ikaonane na jua.

Hoja ya nne: "Ni majaribio, acha vijana wajifunze." Napenda majaribio kuliko mtu yeyote. Lakini jaribio lina pande mbili. Wekeni trei moja ndani na hewa, moja ndani bila hewa, moja nje chini ya neti. Mbegu moja, udongo mmoja, siku moja. Baada ya mwezi pimeni kwa mizani ya dukani. Tulichofanya sisi hakikuwa jaribio, maana hapakuwa na trei ya pili. Mboga ikikua tungesema ni hewa, isipokua tungesema hewa haijatosha.

Na hoja yangu mwenyewe kwa wenzangu waandika programu, maana najua mnasoma. Tumezoea kuambiwa tuweke namba kwenye kioo, na namba ikishakuwa kwenye kioo watu wanaiamini kuliko pua zao. Bibi yangu alinusa pombe, mimi nikaangalia grafu. Yule mtoto alisikia kichwa kinauma, lakini taa ilikuwa ya kijani. Kabla hujaandika neno "SAWA" kwenye programu yako, jiulize: sawa kwa nani, na ni kitu gani sensa hii haikioni? Tangu siku ile programu yangu haina tena neno hilo. Inaonyesha namba, na chini yake nimeandika: CHOMBO HIKI HAKIONI MOSHI WA MAKAA.

Kwa sasa sensa ile nimeipeleka kwenye darasa la madrasa lenye watoto wengi na madirisha madogo. Namba ikipita 1,500 mwalimu anafungua mlango. Hiyo ndiyo kazi niliyoipatia.

Nilipoondoka, jioni ya mwisho, nilimkuta binamu ameibeba rafu moja ya sukuma wiki ameiweka nje, kwenye kivuli cha ukuta, na kipande cha wavu wa kuvulia juu yake kuzuia mbuzi. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Pesa bado ziko kwenye kisanduku. Wanakutana baada ya Ijumaa kuamua. Nimewatumia hesabu hizi kwa karatasi, na leo nimeziweka hapa ili asiyeniamini mimi aamini kalamu yake.

Ukiona nimekosea, nionyeshe mstari. Lakini njoo na namba. Kwaherini kwa leo.